Buibui jeusi libaki jeusi: filta za IRND baada ya msimu mmoja wa harusi

Shangazi wa bibi harusi aliitazama video mpaka katikati, akaisimamisha. "Mwanangu, mimi buibui langu nililinunua jeusi. Hili la rangi ya kahawa umelitoa wapi?"

"Samahani, shangazi. Ni mambo ya kamera."

Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Pale kwenye skrini walikuwa wanawake kumi na wawili, wametoka nje saa saba mchana, wote wamevaa nyeusi, na hapakuwa na mabuibui mawili yaliyofanana rangi. Huyu kahawia, yule zambarau iliyopauka, mwingine kama udongo mwekundu. Matairi ya gari lililokuwa nyuma yao meusi ti!

Napiga video za harusi hapa Unguja, upande wa akina mama, kwa hiyo rangi nyeusi ndiyo inayonilisha. Kamera yangu ni Blackmagic Pocket 6K, ile ya 2019 isiyo na ND ndani, yaani filta nyeusi ya kupunguza mwanga (IRND ni ile inayozuia na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho). Siku ile nilikuwa nimefunga ND ya kuzungusha, ya bei ya chini, jina lake nalihifadhi. Kosa lilikuwa langu kwa kuiamini.

Kinachotokea ni hiki. Jicho la mtu linaishia kuona karibu na nanomita 700. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, si ile ya watu na makazi, ni ya silikoni na inaona mpaka kama 1,100. Ndiyo maana mbele yake huwekwa kioo cha kuzuia infraredi, lakini kwenye kamera nyingi kizuizi hicho huvuja kidogo pale wekundu unapoishia. Bila filta huoni kitu. Ukiweka ND ya 1.8, ambayo ni stopu 6 (kila stopu hukata mwanga nusu), mwanga unaoonekana unabaki sehemu moja kati ya 64. Infraredi yenyewe ND ya kawaida haiigusi sana, inapita. Ukishafungua lenzi ili picha irudi kwenye mwanga wake, uvujaji ule mdogo nao umeukuza. Na nida, kitambaa cha mabuibui, ni poliesta. Rangi yake nyeusi imetiwa kwa ajili ya macho ya watu, infraredi inairudisha kana kwamba ni kitambaa cheupe.

Msiniambie nitengeneze kwenye kompyuta. Nilikesha. Ukiondoa ukahawia kwenye buibui hili, lile la pili linageuka kijani, na nyuso za watu zinakuwa kama za wagonjwa. Kila kitambaa kina kosa lake, na majani ya mwembe nayo yalikuwa yamepata umanjano, kwa kuwa majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi.

Basi nikaenda soko la Darajani nikanunua vipande vya nida, krepu na satini, vyote vyeusi, nikavibana kwenye kamba uani pamoja na tawi la mwembe. Usiku nikawasha taa ya halojeni ya mafundi. Mkijaribu nyumbani tumieni taa ya namna hiyo, au jua lenyewe. Taa za LED hutoa infraredi kidogo mno, zitawaambia kila filta ni nzuri.

ND ya kuzungusha ilishindwa mapema. Ndani yake ni polaraiza mbili (filta za kuondoa mng'ao) zinazopishana, na polaraiza za kawaida hazina nguvu juu ya infraredi, kwa hiyo kadiri unavyozidisha giza ndivyo vitambaa vinavyozidi kuiva. Kwenye lenzi pana inaleta pia kivuli cha msalaba. Halafu kuna jambo ambalo wenye ngozi nyeupe hawalitaji sana: polaraiza inaondoa mng'ao wa ngozi. Bibi harusi amesingwa siku saba, wewe unakuja kumfuta mng'ao wake kwa kioo!

Rafiki yangu akaniazima kioo kinachorudisha infraredi nyuma, nikakiweka mbele ya ND ya kawaida. Kwa lenzi ya milimita 50 kilikuwa kizuri sana. Nikaweka lenzi pana ya 18, pembeni mwa picha pakaingia kijani-buluu, kwa sababu vioo vya namna hii hubadilika kulingana na pembe ya mwanga: miale inayoingia kimshazari inakatwa wekundu wake wa halali. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mimi bila lenzi pana sina kazi. Nikamrudishia kioo chake.

Nilichonunua hatimaye ni IRND za kampuni ya NiSi za inchi 4 kwa 5.65, mitumba, kutoka kwa mpiga picha wa Dar es Salaam aliyebadilisha kamera. Vioo viwili tu, 1.2 na 1.8. Kwenye ile kamba ya uani nida na krepu zilirudi nyeusi, satini ikabaki na wekundu mdogo sana ambao ni mimi tu niliyeuona, na kwenye 18 pembe zilikuwa safi. Nimevitumia msimu mzima. Napima upya rangi nyeupe kwa kadi ya kijivu kila ninapobadilisha kioo, na mpaka sasa hajatokea shangazi mwingine.

Ubaya wake ni wa vioo vyote vya umbo hili. Lazima uwe na boksi la filta mbele ya lenzi, na kamera inakuwa na kichwa kizito, kwenye gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, ni tabu tupu. Bei nayo, hata ya mtumba, inauma.

Kwa hiyo msinunue seti nzima. Hesabu yangu ni hii: ISO 400, shata 1/50, jua kali lisilo na wingu. Ukitaka tundu la lenzi la f/5.6 unahitaji stopu 6, yaani 1.8. Ukitaka f/2.8 unahitaji stopu 8, unaongeza 0.6. Na hiyo 0.6 nanunua ya kawaida kabisa, maana kwa stopu 2 infraredi haijapata nguvu ya kuonekana. Kwangu mimi uchafu wa infraredi unaanza kwenye 0.9. Pesa ya IRND ipelekeni kwenye vioo vyeusi, na kama ni ya kimoja tu, chukueni 1.8. Mwenye Pocket 6K Pro asihangaike, kamera yake ina ND za stopu 2, 4 na 6 ndani, zenye kuzuia infraredi.

Dukani watu hujaribu kwa rimoti ya televisheni: unaielekeza kwenye kamera kupitia filta, kitaa chake kikiwaka sana, filta hiyo huitaki. Ni njia nzuri ya kukamata filta mbovu kabisa, ila haitoshi kuthibitisha nzuri. Rimoti nyingi hutoa nanomita 940, na uchafu unaoharibu mabuibui uko jirani na 700. Filta inaweza kuzima rimoti na bado ikapaka nida kahawia. Mimi nabeba kipande cha nida mkobani, naomba kutoka nacho nje juani, na muuzaji anayekataa simrudii.

Ile ya kuzungusha sijaitupa. Nakwenda nayo ufukweni kupiga ngalawa. Polaraiza inaondoa mng'ao juu ya maji, na nahodha huwa amevaa fulana nyeupe.