TAHADHARI: Brekipadi za "jenuini" Kirinyaga Road, boksi la Toyota, ndani kopi

Wenye Toyota Fielder, Axio, Probox na magari mengine ya rika hilo, someni hii kabla hamjashuka mjini Nairobi kutafuta spea.

Shemeji yangu ana Fielder ya 2008. Juzi alitafuta brekipadi za mbele, akauziwa za "jenuini" kwa shilingi 6,500 kwenye duka moja karibu na Kirinyaga Road. Zikafungwa vizuri tu. Kabla mwezi haujaisha gari likawa linapiga kelele kila akikanyaga breki, na akiteremka Waiyaki Way usukani unamtetemekea mkononi. Fundi alipofungua gurudumu la kushoto, padi ya ndani ilikuwa imeanza kuachana na bati lake. Alichomeka bisibisi pembeni, lainingi, ile sehemu inayosugua diski, ikabanduka nzima kama soli ya kiatu kilicholowa. Diski nayo imechimbwa mistari hadi ukipitisha ukucha unakwama.

Boksi lilikuwa bado kwenye buti, na hapo ndipo ujinga wote ulipojianika. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine. Zile tano za kwanza zinataja aina ya spea: 04465 ni padi za mbele, 04466 ni padi za nyuma, 04495 ni brekishuu, 90915 ni filta ya oili, 16100 ni wota pampu. Boksi la shemeji limeandikwa 04466. Fielder yake nyuma ina drami, zinazotumia brekishuu! Haina padi za nyuma hata kidogo. Kwa hiyo boksi ni la Toyota kweli, la gari jingine kabisa, likatiwa kopi na kuzibwa kwa selotepu.

Nilimsindikiza kurudisha, na tukingoja mwenye duka nikapata nafasi ya kuona mchezo unavyochezwa kwa mteja mwingine. Broka anakudaka njiani: "Bosi, spea ya gari gani?" Anakupeleka kwenye kibanda chenye kabati moja la kioo. Unawekewa kaunta spea halisi, unaishika, unasoma namba, unaridhika. Mnapatana bei. Ukishalipa unaambiwa hiyo ni ya displei, kijana anakimbia stoo kukuletea nyingine. Anarudi na boksi limeshafungwa, tena na haraka nyingi, kuna wateja nyuma yako, chukua bosi. Pesa umetuma kwa namba ya simu ya mtu, si till ya M-Pesa ya duka. Risiti imeandikwa "brekipadi seti 1", basi. Neno jenuini lililotajwa mara kumi mdomoni halimo kwenye karatasi, na chini kuna muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Majibu tuliyopewa ni yaleyale mtakayopewa nyinyi: broka huyo hatumjui, fundi wenu amefunga vibaya, na hizo padi si zetu.

Sasa, kuna watakaosema dawa ni kununua orijino peke yake. Mimi sikubaliani nao. Gari kuingia Kenya likitoka Japani linatakiwa lisizidi miaka minane, kwa hiyo hata lile unaloita jipya limeshatumika, na la 2008 leo ni mzee. Ukilifungia kila kitu cha orijino utatumia pesa nyingi kuliko bei ya kuliuza. Aftamaketi, yaani spea ya kampuni nyingine isiyo na jina la Toyota, ikiwa na jina lake, kwenye boksi lake, kwa bei yake, haina ubaya. Shokamzoba za KYB, plagi za NGK au Denso, taa za Depo kutoka Taiwan, bol jointi za 555 za Japani: hizo ni kampuni zinazojulikana, na baadhi yao ndizo zinazotengenezea viwanda vya magari spea za kufunga gari likiwa jipya. Aisin, kwa mfano, ni ya kundi la Toyota. Wota pampu kwenye boksi la Aisin inaweza kukufaa sawasawa na ile ya boksi la Toyota, na ukachukua chenji.

Kinachoua ni kulipa bei ya orijino ukafungiwa kitu kisicho na mwenyewe. Kopi ileile ya shemeji, duka la pili kutoka pale tuliambiwa ni 1,500, na muuzaji akasema wazi: hii ni ya kawaida, haidumu. Huyo hana kosa. Amekupa uchaguzi.

Kwangu mimi, padi, bol jointi, rak endi na timing belti sicheki nazo: orijino au kampuni ninayoijua, kutoka kwa ajenti au duka lenye till na anwani. Filta ya hewa, waipa, bushi za stebilaiza, hata taa, aftamaketi nzuri inatosha. Milango, bampa na vioo vya pembeni, eks-Japani mtumba ni bora kuliko kopi mpya kwa sababu vinakaa kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Lakini spea yoyote ya mpira au padi ya mtumba, hapana, hata ukipewa bure.

Ukienda, nenda na namba ya chesisi, utafutiwe namba kamili ya spea ya gari lako. Ilinganishe na lebo ya boksi, na boksi lifunguliwe mbele yako kabla pesa haijatoka. Ukiambiwa ile uliyoshika ni ya displei, sema unataka hiyohiyo ya displei. Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikiwepo, namba yake unaweza kuituma kwa SMS 20023 ukajua imesajiliwa au la. Risiti iandikwe jina la kampuni na namba ya spea. Akikataa kuandika "jenuini", ameshakujibu. Na fundi akisisitiza duka moja tu, muulize kwa nini. Wengine wana asilimia yao pale.

Kama umeshaingizwa, usitupe chochote: padi, boksi, risiti, ujumbe wa M-Pesa. Bidhaa bandia zina mamlaka yake, Anti-Counterfeit Authority, iliyoundwa kwa sheria ya 2008. Muhuri wa "hairudishwi" usikutishe. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 haifutwi na mstari mmoja wa risiti. Na kudai pesa yako kuna Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, inayopokea madai hadi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Shemeji anadai bei ya padi, diski mbili na kazi ya fundi.

Jina la duka siliweki hapa kwa sababu kesi iko njiani. Ukiona lebo ya 04466 kwenye padi za Fielder yenye drami nyuma, ondoka.