systemd timer kwa kompyuta ya duka, uzoefu wangu

Kama una skripti (faili ya amri za kompyuta) inafaa kujirudia yenyewe kwa Linux na uko mahali stima inapotea bila hodi kama hapa Nairobi, mimi nasema weka systemd timer (kipanga saa cha systemd, ile programu inayoendesha huduma za Linux) uachane na cron, ile njia ya zamani ya kupangia kazi saa. Kuna duka la spea Kirinyaga Road nawatunzia kompyuta, bekapu ya stoki inafaa kuingia saa mbili usiku wakishafunga hesabu, lakini kuna siku stima imeenda na kuna siku mtu amezima mashine akaenda nyumbani. Cron hapo haina habari, saa ikipita imepita, inangoja kesho.

Kwa timer naandika hivi, yaani kila siku saa mbili usiku:

OnCalendar=*-*-* 20:00:00
Persistent=true

Huo mstari wa pili ndio ulifanya nihamie. Asubuhi mashine ikiwaka inaona kuna zamu ilirukwa, inaifanya saa hiyo hiyo, na hata ikikaa imezimwa wikendi nzima inafanya mara moja tu, haikurundikii zote. Lakini mjue Persistent inashika na OnCalendar pekee, ukitumia OnUnitActiveSec (ile inahesabu muda tangu kazi ilipoanza mara ya mwisho) haikusaidii.

Kuna skripti ingine ya kutuma bei mtandaoni kila dakika tano na intaneti ya pale ikilala inaweza kukaa hata dakika kumi, na timer haianzishi ya pili juu ya ile bado inakimbia, cron ingeanzisha tu mpaka uweke flock mwenyewe, ile kufuli ya kuzuia kazi moja isikimbie mara mbili kwa wakati mmoja. Halafu mwenye duka akipiga simu kuuliza kama bekapu ya jana iliingia, nafungua systemctl list-timers naona LAST na NEXT (ilikimbia lini mwisho na itakimbia lini tena), kisha journalctl, kumbukumbu za mfumo, inanionyesha kama ilimaliza vizuri ama ilikwama wapi, namjibu hata kabla hajakata.

Kitu sipendi ni mafaili mawili kwa kila kazi, .service ya kusema kazi ni gani na .timer ya kusema ifanyike lini, kwa cron ni mstari mmoja tu na umemaliza. Pia timer kwa kawaida inaweza kuchelewa hadi dakika moja, kama kazi yako inataka sekunde weka AccuracySec=1s.

Na kama ni seva ya kukodi, nyingi ziko UTC (saa ya kimataifa), masaa matatu nyuma yetu, so malizia ule mstari wa OnCalendar na Africa/Nairobi, la sivyo bekapu ya saa mbili usiku itakuingilia saa tano.