Wiki mbili za mafunzo ya pikipiki: hela yangu ilirudi siku ya breki

Nilinunua pikipiki, Boxer, kabla sijajua kuendesha. Binamu yangu, mtu wa kijiweni Mbagala miaka mingi, alinifundisha jioni mbili: kuwasha, kuingiza gia, kuachia klachi taratibu. Akanipa na amri moja: "Breki ya mbele usiiguse, itakupindua." Nikaishika kama dini. Vuli ilipoanza, siku ile ya manyunyu ya kwanza yanayochanganya vumbi na oili juu ya lami, bajaji ikanikatia mbele. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Tairi la nyuma likajifunga, likahama kushoto, nikajikuta nimekaa barabarani.

Goti lilipopona nikajiandikisha chuo cha udereva, laki moja na themanini kwa wiki mbili. Siku mbili za mwanzo tulikaa darasani tukiitikia alama za barabarani kama watoto wa chekechea. Hizo ningezisoma nyumbani.

Siku ya tatu ndiyo breki. Mwalimu alipanga koni uwanjani, tukaja na mwendo wa 30 na kusimama kwa breki ya mguu peke yake, kisha kwa zote mbili. Ya mguu ilinipitisha koni ya mwisho. Kwa zote mbili nilisimama mbali kabla ya kuifikia. Akaeleza kwamba ukifunga breki uzito unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana linateleza. Linaloshika lami ni la mbele. Kinachopindua watu ni kuikwapua breki ya mbele. "Minya kama unakamua limau," alisema, na pikipiki iwe imenyooka, si katikati ya kona.

Zoezi la kuzunguka namba nane kati ya koni lilinidondosha mara nne. Dawa yake ni nusu klachi, breki ya nyuma kidogo, na macho yatazame unakokwenda. Mimi nilikuwa naikodolea macho koni, basi naigonga. Nimekuja kugundua hata mashimo ya mtaani kwetu nilikuwa nayaingia kwa namna hiyohiyo.

Sasa malalamiko. Pikipiki mbili kwa wanafunzi kumi na mmoja, na moja klachi yake imechoka kabisa. Barabarani tulitoka mara moja, dakika ishirini, tena Jumapili asubuhi watu wamelala. Kuendesha usiku hatukugusa, kubeba abiria hatukugusa. Anayetaka kufanya bodaboda asidhani cheti hicho kinamtosha. Mtu mzima nyuma yako hubadilisha kila kitu, kuanzia kona hadi kusimama.

Ningelipa tena? Ndiyo, ila ningeomba wanipunguzie zile siku mbili za alama.

Siku hizi Jumapili napanga chupa zilizojazwa mchanga kwenye uwanja wa shule, nafanya breki tu. Wiki iliyopita binamu alikuja kutazama. Akapanda, akajaribu ya mbele mara tatu, akashuka na kusema waya wangu wa breki umekazwa mno.