Alberta na Quebec: Mafuta ya Magharibi, Umeme wa Mashariki

Anayetaka kuelewa kwa nini majimbo ya Kanada huvutana kuhusu nishati na ayatazame Alberta na Quebec kwa pamoja. Uchumi wa Alberta ulibadilishwa na mafuta yaliyogunduliwa Leduc mwaka 1947, na baadaye na mchanga wenye lami wa Athabasca, ambao ama huchimbwa kwa mitambo mikubwa ama hupashwa joto kwa mvuke chini ya ardhi hadi mafuta yake mazito yaweze kuvutwa juu. Jimbo hilo halitozi kodi yake ya mauzo. Hata hivyo, halina bahari, na kwa miaka mingi limemtegemea mno mnunuzi mmoja, Marekani. Upanuzi wa bomba la Trans Mountain kuelekea Pasifiki ulianza kufanya kazi mwaka 2024 tu.

Quebec, kwa upande wake, ina mito inayoteremka kutoka miamba ya kale ya kaskazini. Umeme nafuu wa maji umevuta viwanda vya alumini hadi Saguenay, ingawa boksiti, madini yanayotengenezewa alumini, hutoka ng'ambo. Mabwawa ya James Bay yalitangazwa mwaka 1971 bila ridhaa ya Wakree na Wainuit, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliokwenda mahakamani kabla ya mkataba wa 1975.

Kwa maoni yangu, msingi wa Quebec ni thabiti zaidi, kwani anguko la bei ya mafuta la 2014 liliitikisa Alberta vibaya. Lakini wakazi wa Alberta hawakosi kukumbusha kwamba Quebec hupokea fedha za usawazishaji, yaani ruzuku kwa majimbo yenye mapato madogo, kutoka serikali kuu.