Mashudu ya kanola: ng'ombe watafurahi, kuku wa mayai ya kahawia tazama kwanza

Kwa ng'ombe wa maziwa, mashudu ya kanola, yaani mabaki ya mbegu zake baada ya kutolewa mafuta, tunayapa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa kuku wa nyama ni nyota tatu. Kwa kuku wanaotaga mayai ya kahawia ni moja, labda mbili, na sababu tutaieleza.

Jina kanola lilizaliwa Canada mwaka 1978. Keith Downey wa Saskatoon na Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba ndio waliochambua mbegu za rapa, zao la mafuta la jamii ya haradali, hadi wakapata aina zenye sumu mbili kidogo: asidi ya erusiki chini ya asilimia 2 kwenye mafuta, na glukosinolati chini ya mikromoli 30 kwa kila gramu ya mashudu yasiyo na mafuta. Rapa la zamani lina vyote viwili kwa wingi, na si chakula cha mfugo wa kawaida. Kwa hiyo gunia lililoandikwa "mashudu ya rapa" bila maelezo zaidi liulizwe maswali kabla halijalipiwa. Kwetu zao hili hulimwa kwenye nyanda za juu za Kenya, upande wa Timau, kwa kupokezana na ngano na shayiri.

Mashudu ya kanola yapo ya namna mbili. Yaliyotolewa mafuta kwa heksani, kemikali inayoyeyusha mafuta, ni unga mkavu wenye protini ya asilimia 36 hadi 38 na mafuta yasiyozidi asilimia 4. Yaliyokamuliwa kwa mashine tu huwa vipande vyenye mafuta asilimia 8 hadi 12. Nguvu ni nyingi zaidi, ila kwenye joto la pwani huanza kuvunda mapema. Hayo ya pili nunua ya kutumia ndani ya wiki tatu, na gunia likae juu ya mbao, si sakafuni.

Rangi nzuri ni ya manjano iliyoingia ukahawia, yenye chembe nyeusi za maganda. Yakiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, kiwanda kiliunguza: joto limefunga lisini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) na sukari, na mnyama haipati hata kama karatasi ya maabara inaonyesha protini ileile. Halafu fanya jaribio la glasi. Vijiko viwili vya mashudu, maji ya uvuguvugu nusu glasi, koroga, subiri dakika 15, nusa. Harufu kali ya haradali inayopanda puani maana yake kimeng'enya cha mirosinesi bado kiko hai, mbegu hazikupashwa moto wa kutosha kabla ya kukamuliwa. Jaribio hili lina kasoro: likinyamaza, halithibitishi kwamba glukosinolati ni kidogo. Hiyo hupimwa maabara tu.

Tuje kwenye bei, maana hapo ndipo wengi hupigwa. Mashudu ya soya yenye protini asilimia 46 na ya kanola yenye 36 hayalingani kilo kwa kilo. Kwa ng'ombe, gawanya 36 kwa 46: bei ya kanola isizidi asilimia 78 ya bei ya soya. Kwa kuku na nguruwe hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa kinachohesabiwa ni lisini inayomeng'enywa. Kanola ina lisini kama asilimia 2.1, na robo tatu hivi ndiyo inayomeng'enywa. Soya ina karibu 2.9, na tisa ya kumi inameng'enywa. Ukizidisha utapata 1.6 dhidi ya 2.6. Juu ya asilimia 60 na kidogo ya bei ya soya, muuzaji ndiye anayefaidi. Upande wa methionini, asidi amino nyingine, kanola inaishinda soya, na hiyo ni pesa unayookoa kwenye methionini ya dukani.

Mchanganyiko wa kilo 100 kwa ng'ombe wa maziwa: mahindi yaliyoparazwa 37, pumba za ngano 30, mashudu ya kanola 25, molasi 5, chokaa ya mifugo 1.5, madini 1, chumvi 0.5. Unatoka na protini ya asilimia 17 na ushee. Fosfati ya kuongeza haina haja, kanola na pumba zimeshaleta fosforasi. Ng'ombe anayekula kilo 4 kwa siku anapata kilo moja ya kanola, na hapo hakuna cha kuhofia. Mwanzishe polepole kwa siku 7 hadi 10. Kuna uchungu kidogo, na ng'ombe aliyezoea alizeti hubaki anapuliza horini siku ya kwanza.

Kuku wa nyama: asilimia 10 kwa vifaranga, 15 hadi 20 wakishakua, ukilinganisha kwa lisini inayomeng'enywa, si kwa protini ghafi. Wanaovuka hapo huanza kuona miguu dhaifu. Kanola ina salfa nyingi kuliko soya, na salfa huvuruga uwiano wa madini mwilini. Maganda nayo yanashusha nguvu ya chakula, kwa hiyo bila mafuta ya kuongeza kuku anakula sana na uzito hauji.

Sasa mayai. Kanola ina kemikali iitwayo sinapini, ambayo tumboni huzaa trimethilamini, ile harufu ya samaki. Kuku wengi huivunja kwenye ini. Koo zenye asili ya Rhode Island Red zinaweza kuwa na kasoro ya jeni, haziivunji, inaingia kwenye kiini cha yai. Baadhi ya wazalishaji wa mbegu za kuku wameshaiondoa, hivyo muulize anayekuuzia vifaranga. Asipojua jibu, usiweke kabisa. Na kama chakula chako tayari kina dagaa, usiilaumu kanola peke yake. Dagaa huleta trimethilamini yao wenyewe. Kuku wa mayai meupe, asilimia 10 haina shida.

Mafuta yake jikoni ni mazuri kwa pilau na chapati: asilimia 7 tu ni mafuta yaliyoshiba. Kwa karai la mihogo linalowaka kutwa, hapana. Ile asidi ya linoleniki, asilimia 9 hivi, huharibika kwa moto wa kurudiarudia na karai linanuka kama rangi ya nyumba. Mchoma chipsi atafute aina yenye oleiki nyingi, asidi ya mafuta inayostahimili moto zaidi.

Viwandani yamekaa pazuri kwenye dizeli ya mimea: namba yake ya iodini (kipimo cha jinsi mafuta yasivyoshiba) ni kama 110 hadi 115, na kiwango cha Ulaya cha EN 14214 kinaishia 120, ambacho soya na alizeti mara nyingi huvuka. Hufaa pia kulainisha mnyororo wa msumeno wa mbao, kwa kuwa hayachafui udongo. Lakini msumeno ukikaa miezi bila kazi, yanaganda kama gundi kwenye baa (ule upanga unaoshika mnyororo) na pampu. Kabla ya kuuweka stoo, uendeshe dakika chache kwa mafuta ya kawaida ya mnyororo.