Swichi za kununua ukiongeza taa nyumbani: anza na skrubu

Mwaka jana niliongeza taa nne nyumbani, Shangani hapa Mtwara: mbili barazani, moja jikoni, moja uani. Swichi nilinunua mwenyewe duka moja la mjini, shilingi 2,500 kila moja, nyeupe, zinang'aa. Msimu mmoja tu wa upepo wa kusi ukapita. Mwezi wa tisa swichi ya jikoni ikaanza kulia chichichi kila nilipochemsha maji, na harufu ya plastiki inayoungua ikafuata. Nikazima meni swichi, nikamwita fundi. Alipoichomoa ukutani tukaona wote wawili: kichwa cha skrubu inayobana waya kimevimba kutu rangi ya udongo, waya umekuwa mweusi hadi ndani ya ganda lake, plastiki ya nyuma imeyeyuka ikaganda kama nta. Alipoilegeza ile skrubu, ikakatika kichwa.

Kwenye skrubu hiyohiyo fundi wa kwanza alikuwa amebana waya wawili wa moto, yaani zinazoleta umeme, mmoja wa taa, wa pili unaendelea hadi soketi ya jagi la kuchemshia maji. Jagi la wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Balbu ya LED ya wati 9 haifikishi hata ampea 0.1. Soketi haichukuliwi kwenye waya wa taa. Waya wa taa huwa wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi ina waya wake wa 2.5 kutoka kwenye boksi la breka. Hilo lilikuwa kosa la fundi, nimelirekebisha. Ila skrubu ya chuma ni kosa la swichi yenyewe, na ndilo lililonifanya niandike, maana msomaji wa Mikindani ameniandikia kisa kama changu, na yeye hana jagi, ana feni tu.

Sitazungumzia rangi wala umbo. Sisi tunakaa na bahari. Upepo unaleta chumvi hadi ndani ya kabati, na chumvi inavuta unyevu. Skrubu ya chuma ikishika kutu, mshiko wake kwa waya unalegea, umeme unapita kwa shida, pale panapata joto, joto linazidi kulegeza. Shaba ya njano haishiki kutu ya namna hiyo.

Jicho litakudanganya. Kuna chuma kilichopakwa rangi ya njano ukadhani shaba, na kuna shaba iliyopakwa rangi ya fedha ukadhani chuma. Nenda na kipande kidogo cha sumaku. Geuza swichi, gusa skrubu zile zinazobana waya, kisha gusa na kijumba chake, ule mfereji waya unapoingia. Ikinata ni chuma, rudisha. Usipimie zile skrubu mbili ndefu za kufungia swichi ukutani, hizo mara nyingi ni chuma na hazibebi umeme. Na sumaku iwe ndogo kweli, kwa sababu ndani ya swichi huwa kuna springi ya chuma, sumaku kubwa itavutwa na hiyo ukaikataa swichi nzuri.

Kwangu mimi swichi ya kwanza ni MK, na sifichi kwamba naipendelea. Ni ya Uingereza, ilianza 1919, na herufi hizo zilitokana na "Multy Kontact", yaani jina lenyewe ni la namna metali zinavyoshikana kupitisha umeme. Kwa mama mkubwa wangu zipo zilizofungwa kabla sijaanza shule, ukibonyeza bado zinalia tk, moja, kavu. Bei yake ni kubwa na Mtwara huzipati kila duka, hivyo nunua mbili tatu kwanza: ya jikoni na za barazani, panapopata upepo. Vyumbani utaongeza ukipata hela.

Ya pili ni Tronic, ambayo ipo kila mahali na ndiyo niliyofunga vyumbani. Nilizopima mimi hazikunata. Bado pima zako, maana jina kwenye boksi halikuhakikishii kilichomo. Legrand na Schneider za Wafaransa ni nzuri pia, ukizikuta zichukue.

Zisizo na jina, hapana. Kama lazima, ziwe za taa tu, waya mmoja kwa skrubu moja.

Taa yenyewe haina mengi. Ya nje iwe na alama ya IP65, inayozuia vumbi na maji yanayorushwa kwa bomba. Ukiona LED inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzima, muulize fundi kama swichi inakata nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya moto. Hapo holda bado ina umeme na ukibadilisha balbu utarushwa. Na swichi zile za kuwasha kwa simu, nyingi zinataka nyutro, na kwenye maboksi ya swichi ya nyumba zetu nyingi nyutro haipo. Uliza kabla ya kulipa.

Sasa wauzaji. Nimefika maduka manne na sumaku yangu. Matatu wameniambia neno lilelile: "Dada, ukifungua umenunua." Nimefungua nini, ndugu zangu? Nimegeuza swichi nione mgongo wake. Kanga tunaikunjua dukani, samaki tunafunua shavu, lakini kitu cha kuunguza nyumba nikinunue kimefungwa kwenye nailoni! Kisha ukiuliza bei unaambiwa mzigo umetoka Kariakoo, nauli. Nauli naijua. Mbona hela za korosho zikianza kuingia bei inapanda, na mzigo ni uleule uliokuwa rafuni mwezi wa nane, vumbi lake juu?

Duka la nne kijana alichukua bisibisi, akafungua mwenyewe, tukapima zote sita pale kaunta. Mbili zilinata. Akaziweka pembeni, akaingia stoo kutafuta nyingine.