Springi za nyuma za pikapu iliyoinuliwa: angalia sheko kabla hujatoa hela

Mwaka jana nilitoa shilingi 1,600,000 kununua springi za nyuma za Hilux yetu, na wiki 2 hazikuisha nikajua nimeliwa. Si kwamba zilikuwa feki, hapana, zilikuwa chuma kizuri kabisa, kimepakwa rangi, kimo ndani ya boksi lake. Shida ni kwamba yule muuzaji wa Kampala aliniuliza kitu kimoja tu, "madam, unataka inchi ngapi?", nami nikamjibu inchi 3 kwa sababu mbele tulishainua, basi akanipa za inchi 3 zilizotengenezwa kubeba kilo 500 kila siku ya Mungu, wakati pikapu yangu nusu ya mwezi inatembea tupu, ina jerikeni za maji na tairi la spea basi.

Tulipofika njia ya Kotido kwenda Kaabong, huko Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, ndipo nikaona nilichonunua. Tulishuka kwenye korongo la mchanga kwa pembe, tairi la nyuma la kushoto likabaki linaning'inia hewani, na difu yetu, ile gia ya ekseli inayogawa nguvu kwa matairi mawili, haina loki ya kuyafanya yazunguke pamoja, kwa hiyo hilo la hewani ndilo likawa linazunguka peke yake, la kulia limekanyaga chini vizuri na limesimama tu halifanyi kazi. Gari lina inchi 3 zaidi lakini limekwama mahali ambapo zamani, kabla ya kuinuliwa, lilikuwa linapita. Vijana waliokuwa na ng'ombe wao ndio walitusukuma, na mimi njia nzima mpaka Kaabong nilikuwa na hasira sana.

Niliporudi Mbale nikampelekea mzee fundi wetu. Hakugusa hata spana, alilala chini ya gari dakika 1 akatoka akaniambia, "Maama, sheko yako imelala upande usio wake." Sheko, kile kishikio kinachobembea nyuma ya springi, ndicho kitu ambacho kwenye maduka yote niliyozunguka hakuna mtu aliyewahi kunitajia, na ndicho nitakipigia kelele leo. Bei, rangi ya boksi, warranti, hayo mtaulizana wenyewe.

Springi ya nyuma ya Hilux ni majani, yaani vyuma bapa vilivyopangana, mbele imefungwa kwenye chesi kwa pini isiyohama, nyuma imeshikwa na sheko, vile vibao 2 vya chuma vinavyobembea. Springi ikikandamizwa inanyooka, ikinyooka inakuwa ndefu, na ule urefu lazima uende mahali, basi unamsukuma sheko kwenda nyuma. Tairi likishuka shimoni springi inajikunja zaidi, inakuwa fupi, inamvuta sheko kuja mbele. Kwa hiyo sheko ndiye mlango wenyewe, akikwama hata ununue springi ya dhahabu gari halitajikunja.

Sasa ukifunga springi nene iliyopinda sana kwenye gari tupu, springi haina uzito wa kuinyoosha, inabaki fupi, sheko anavutwa mbele tangu gari limesimama tu hapo nyumbani. Tairi likitaka kushuka shimoni, sheko hana tena nafasi ya kuja mbele, alishaimaliza. Na tairi likigonga jiwe, sheko lazima kwanza apite wima ndiyo aende nyuma, na pale anapopita wima ni kama anainua gari, ndiyo maana unasikia lile pigo kwenye kiti mpaka shingo inauma. Watu wanasema "gari ikiinuliwa inakuwa ngumu, zoea tu". Usizoee!

Jinsi ya kujua ni rahisi na haina hela. Simamisha gari mahali sawa likiwa na mzigo wako wa kawaida, si tupu kama hutembei tupu, si limejaa kama hujazi, chungulia nyuma ya tairi. Ncha ya chini ya sheko inatakiwa iwe imeenda nyuma kuliko ya juu, imeinama kuelekea bampa la nyuma. Ikiwa wima kabisa, uko mpakani. Ikiwa ya chini imekuja mbele, pole ndugu yangu, umenunua nilichonunua mimi.

Haya, sasa vitu vyenyewe, kuanzia ambacho ningenunua tena mpaka ambacho ningemkataza hata adui.

Namba 1 ni Old Man Emu, na sifichi, mimi ni mtu wao sasa. Ni wa Australia, chini ya kampuni ya ARB, na kitu kilichonifanya niwapende si jina, ni kwamba springi zao za Hilux zinapangwa kwa uzito unaobeba, kuna za gari jepesi, kuna za mzigo wa kati, kuna za mzigo mzito wa kudumu, na huwezi kuchagua bila kujibu hilo swali kwanza. Mimi nilichukua za mzigo mwepesi na shokapu zao zilizopangwa kwenda nazo, na kikubwa zaidi nikachukua sheko zao zenye nipo, yaani kichuchu cha kupigia grisi. Jamani hizo sheko! Unapiga grisi kwa pampu, ile ya zamani iliyokaa ndani inatoka imejaa vumbi jekundu, na sheko anabembea. Sheko za kawaida kwa vumbi letu la Karamoja na tope jeusi la mvua zinakauka, pini inashika kutu ndani ya bushi, ile pete inayoizunguka, halafu mtu analaumu springi. Gari sasa limepanda inchi 2 hivi badala ya 3, sheko wameinama nyuma kama inavyotakiwa, na lile korongo tumelipita mara 3 bila kushuka kusukuma. Ni ghali, ndiyo. Nilikusanya hela miezi 5.

Lakini hata hizo ukifungiwa vibaya umepoteza. Kama bushi ni za mpira, nati za sheko na za pini ya mbele zikazwe mwisho gari likiwa chini limekanyaga kwa matairi yake, sio likiwa juu ya jeki. Mpira wa bushi unashikwa pale ulipokazwa, ukikaza tairi linaning'inia basi gari likishuka mpira tayari umejinyonga, utapasuka mapema na utakuwa unazuia springi muda wote. Mafundi wengi wanakaza juu kwa sababu ni rahisi mkono kuingia. Simama hapohapo, kunywa soda yako, usiondoke mpaka uone gari limeshushwa. Bushi za plastiki ngumu ni habari nyingine, hizo zinazunguka kwenye pini lakini bila grisi zinalia na zinakwama, mimi nimebaki na mpira.

Namba 2, Dobinsons, Ironman 4x4, Tough Dog, hawa nao wote ni Australia na nao wana springi za uzito tofauti, kwa hiyo ukikosa za kwangu chukua hizi, ila swali ni lilelile, kilo ngapi, na sheko anakaaje. Jirani yangu ana za mojawapo kwenye Land Cruiser pikapu na nimechungulia mwenyewe, sheko wake wako vizuri, sina neno.

Namba 3 itawashangaza, ni springi zako za zamani zilizokuja na gari. Kama hazijavunjika na hazijalala, zifungue, safisha kutu kati ya jani na jani, badilisha bushi zote, weka sheko mpya za grisi. Angalia na zile klipu zinazokumbatia majani pembeni, kama zimekunjwa zikabana sana, majani hayawezi kuachana tairi linaposhuka, zilegezwe kidogo, zisitolewe. Majani membamba mengi yanajikunja kuliko machache manene, na hii si maneno ya gereji, jani likiwa nene mara 2 ugumu wake unapanda mara 8. Wengine wanatoa lile jani nene la chini kabisa, la mzigo. Kama kweli hubebi mzigo, gari litalainika, lakini siku ukipakia magunia ya mahindi utajuta.

Na tafadhali, kwa yoyote hapo juu pima shokapu. Weka jeki chini ya ekseli upande mmoja, inua mpaka tairi la ule upande mwingine linakaribia kuachia ardhi, halafu angalia huko linakoshukia, shokapu imenyooka mpaka mwisho? Kama imeisha wakati springi bado inataka kushuka, basi shokapu fupi ndiyo imekuwa kamba ya kufunga gari na itang'oka siku moja. Paipu ya breki pia iangalie hapohapo isiwe imevutika.

Namba 4, sheko ndefu. Watu wanazipenda kwa sababu ni za haraka, na huyu sheko ninayempigania ndiye huyo, lakini kurefusha si dawa ya kila kitu. Ukiongeza sentimita 4 kwenye sheko gari linapanda kama 2 tu, na pua ya difu inatazama juu, propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, inaanza kutetemeka, mpaka uweke kabari ya chuma kati ya springi na ekseli kuirudisha. Na za kuchomelewa mtaani zisizo na kiungo cha katikati zinayumba pembeni. Kidogo sawa, nyingi hapana.

Kuongeza jani moja nene la kuokota kwenye springi ya lori, hapana, ni ugonjwa uleule wangu kwa bei ndogo. Bloku kati ya ekseli na springi zinakupa urefu tu, na ukikanyaga mafuta kwenye kilima ekseli inajipinda na kukunja springi. Basi.

Ila wauzaji, lazima niseme. Nilipiga simu maduka 6, sehemu zote 6 swali la kwanza ni inchi ngapi, hakuna hata 1 aliyeuliza nabeba nini. Wanauza inchi kama kitambaa. Halafu bei unayopewa kwenye simu ukifika imebadilika, oh hiyo ilikuwa bila VAT, ongeza asilimia 18, oh bushi hazimo, oh yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ni pembeni, na yu-bolti za zamani hutakiwi kuzirudishia kwa sababu zimeshavutika, wao wanajua hilo na hawakwambii mpaka fundi ameshafungua gari na wewe huna pa kwenda. Niliyemlipa 1,600,000 nilitaka kumrudishia mzigo baada ya wiki 3, akaniambia atanisaidia kwa 400,000. Anisaidie! Springi zilizotembea safari 1.

Kwa hiyo ukinunua, andikiwa karatasi yenye kilo, si inchi peke yake, na bushi, na yu-bolti, na bei pamoja na VAT, kabla hujatoa hata mia. Na baada ya kilomita 500 hivi rudi yu-bolti zikazwe tena, maana springi mpya inajikalisha na zinalegea.

Zile zangu za kilo 500 ziko stoo hapa Mbale, nimezifunga kwa gunia na grisi. Kwa mtu anayebeba simenti kila siku ni springi nzuri sana, sheko wake watakaa panapotakiwa. Nauza kwa 900,000, na swali nitakalokuuliza ni unabeba kilo ngapi.